Mwalimu Masikio na Ngo! Ngo! ya Mwisho

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Masikio, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao. Bibi alikuwa akisema msumeno ulipozimwa tu, mtoto akalia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1973. Akafundisha insha hadi alipostaafu. Hakutaka kusikia "mvua ilinyesha sana".

"Sana ndiyo nini?" alikuwa akiuliza. "Ilinyesha juu ya bati au majani? Udongo ulinukaje?"

Mara nyingine alijificha nyuma ya kabati la darasa akaangusha kitu, puu! na kila mwanafunzi akaandika alichosikia. Mmoja aliandika gunia, mwingine mlevi. Wote walipata alama ya vema. Somo alilianza kwa kugonga meza, ngo! ngo! na kulimaliza vivyo hivyo.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa mama yetu, fundi cherehani. Alimwambia kwamba alichopenda kwanza ni mlio wa cherehani yake, na mama mpaka leo hajui kama alisifiwa au alitaniwa. Kila jioni baba alibisha mlango wake mwenyewe, ngo! ngo! ufunguo ukiwa mfukoni.

Januari mwaka huu alipata kiharusi, kikamnyang'anya sauti. Tarehe 9 mwezi huu, mchana, tukiwa tumemzunguka, alinyoosha mkono akagonga chuma cha kitanda: ngo! ngo! Akatutoka.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipochanganyikiwa, na hatujatulia bado. Baba mdogo anasema, "Kaka alikuwa na kiu, sisi tukabaki kumtazama tu." Mimi, kifungua mimba wake, nilisikia darasa, ila sijui lilikuwa linaanza au linakwisha. Mama anasema, "Mume wangu alikuwa anabisha hodi, na mimi sikumfungulia."

Familia ilinituma niandike lililo sahihi. Nimeshindwa, nakiri mbele yenu. Nimeandika tulichosikia, na nadhani yeye angetupa vema sote. Lakini mama hataki vema. Tangu siku ile hafungi mlango kwa komeo, na hakuna kati yetu anayethubutu kuinuka akaufunga.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na wanafunzi wasiohesabika. Apumzike kwa amani, na huko anakobisha sasa, afunguliwe.