Kabichi Ishirini na Moja za Marehemu Pyo Geum-ok

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni Pyo Bun-rye, mdogo wake marehemu, nimesoma shule ya msingi tu, kwa hiyo atakayesikia kosa alimeze pamoja na mchuzi wake.

Marehemu Pyo Geum-ok alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 kijijini Uiryeong, binti wa nne, na baba alipoambiwa ni msichana tena alitoka kwenda kulisha ng'ombe aliyekwisha kula. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962, wa kwanza darasani, na ada ya sekondari akalipiwa kaka yetu, aliyekuwa wa arobaini.

Tarehe 10 Aprili 1972 aliajiriwa kiwanda cha sosi ya soya hapa Masan, mwaka 1974 akaolewa na Nam Sang-cheol, dereva wa basi, aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa mtoto mmoja, Mi-ran. Kazi yake ilikuwa kuonja mitungi, alichovya kidole, akalamba, akataja siku zilizobaki sosi iive, na mimi niliyeosha chupa palepale sikumwona akikosea hata mara moja. Wanaume aliowafundisha waliitwa mafundi, yeye aliitwa msaidizi, na kila Machi kila mtu alipewa hati ya mshahara peke yake, akatia sahihi kwamba hatautaja kwa mdomo wala kwa maandishi. Kwamba tunapunjwa tulijua, ni kiasi gani hatukujua, na aliyekwenda kudai aliambiwa, "Mbona wenzako wameridhika?"

Ikafika tarehe 28 Novemba 1989, siku ya kutia chumvi kabichi za jiko la kiwanda kwa ajili ya majira ya baridi, marehemu akawa ameomba kila mtu alete kabichi moja kwa kila won elfu kumi anazopokea kwa mwezi, mwenye shibe achangie kwa shibe yake, na wanaume wakakubali upesi, maana mwanamume wa Masan hakubali kuonekana hana. Kila mtu akapanga zake mstari uani. Marehemu alipanga ishirini na moja, baada ya miaka kumi na saba kazini. Akaja Chu Tae-shik, mwanafunzi wake wa miezi minane, akisukuma mkokoteni, akapanga thelathini na saba.

"Dada, zako nyingine ziko wapi?" akauliza, hana hila.

"Ndizo hizo, mdogo wangu."

Akazihesabu tena kwa kidole. Mistari ya wanaume ilifika ukutani, yetu wanawake ilikomea kwenye bomba.

Mkurugenzi akaingia na nyama yake ya kuchemsha, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, akaona. "Geum-ok, ulitia sahihi."

"Nilitia, Bwana Mkurugenzi, na sijataja kitu. Kabichi ndizo hazikutia."

Kisha marehemu akatangaza kwamba mwaka huo kila mtu atatia chumvi za kwake. Siku ya nne kabichi za mafundi, wasiojua kipimo cha chumvi, zilinuka mpaka ofisini, marehemu akaitwa aziokoe. Akadai kwanza mshahara wa kabichi thelathini na saba. Akapewa ishirini na nane, akaambiwa ana mume mwenye kazi. "Mume wangu haonji mitungi yako," akajibu, akatoka na cheo cha fundi na thelathini na nne, na sisi waosha chupa tukaongezwa nne nne. Zile tatu alizidai kila Machi hadi alipostaafu mwaka 2004, hakuzipata.

Juni 2023 alianza kuugua figo, akafariki hospitalini hapa Masan tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa kichochoroni kwetu waliompikia uji, na wenzake wa kiwandani. Tunamshukuru pia Bwana Chu Tae-shik, ambaye sasa ndiye mkurugenzi, leo ameweka kabichi tatu chini ya picha ya marehemu, akalia sana. Lakini dada yangu hakudai kabichi. Mjukuu wake Da-hye anaonja mitungi ileile, ametia sahihi hati ileile, na aliyempa ni wewe, Bwana Chu. Zichukue, ziweke mezani kwako Jumatatu utakapomwita kuzungumza mshahara wake.

Dada, pumzika kwa amani, hizo tatu tuachie sisi.