Kikombe cha Tatu cha Bi. Sekela Mwaijande

Ifikapo Juni 30 mwaka huu wa 2025, Bi. Sekela Mwaijande, Mwonjaji Mkuu wa Kiwanda cha Chai Nyavilenga hapa Mufindi, atastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi minne. Kamati ya sherehe ilimpa mwandishi wa wasifu huu ukurasa mmoja na nusu na kumsihi asirefushe mambo. Mwandishi amejitahidi, lakini mambo yenyewe yamekataa kufupishwa.

Bi. Sekela alizaliwa Soweto, Mbeya Mjini, mwaka 1965, binti wa fundi cherehani. Februari 1991 alipanda basi kuja Mafinga kumsaidia dada yake aliyekuwa amejifungua, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na nia ya kukaa wiki sita. Akiwa hapo alisikia kwamba Nyavilenga wanatafuta mwosha vikombe wa chumba cha kuonjea. Aliajiriwa Machi mosi. Wiki sita zile hazijaisha hadi leo, na dada yake bado anamkumbusha kwamba mtoto mwenyewe sasa ana watoto.

Kwa wageni wetu wasiokijua chumba cha kuonjea: kila asubuhi vikombe vyeupe hupangwa mezani, kila kimoja kikiwa na chai ya mzigo wake uliotoka mashineni siku iliyotangulia. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta kwa kishindo ambacho mama yako angekukemea kwacho, huizungusha mdomoni, huitema kwenye ndoo, kisha hutamka hali yake. Tani kadhaa za chai husubiri neno hilo. Katika mwaka wake wa tatu, mwosha vikombe Sekela aliulizwa kwa utani na mwonjaji wa wakati huo, Mzee Bartholomeo, kikombe kipi kimemchukiza. Akaonyesha kimoja kwa harufu ya masalia yaliyobaki chini. Mzee alionja upya, akafuta alichokuwa ameandika. Mwaka 1998 alimfanya msaidizi wake, na alipostaafu mwaka 2006 alimkabidhi kijiko.

Kwa ajili ya kijiko hicho Bi. Sekela hajapaka manukato siku ya kazi, hajala kitunguu kibichi asubuhi, na pilipili anaiona kwenye sahani za wengine. Wengi mnakumbuka harusi ya binti wa mkuu mmoja wa idara pale Mafinga, chai ilipomiminwa na mama wa bibi harusi akasimama mbele yake akisubiri sifa. Bi. Sekela alionja, akafikiri, akasema, "Maji mmeyachemsha vizuri sana, dada." Meza nzima iliangalia sahani zake.

Tunaishi wakati ambao kila mtu ana sura mbili, moja ya kuamkia na moja ya kwenye simu. Mwandishi mwenyewe, kwenye picha yake ya WhatsApp, ameegemea Prado nyeupe iliyokuwa imeegeshwa Ilula huku mwenye gari akichagua nyanya ng'ambo ya barabara. Basi alilopanda lilisimama dakika kumi tu, zikatosha. Picha ya Bi. Sekela ni ileile ya kitambulisho cha kazi, sweta la kijivu, uso wa mtu anayesubiri maji yachemke. Mwanawe alipomwonyesha jinsi simu inavyoweza kuondoa mikunjo usoni, aliuliza kwa dhati kabisa kama inaweza pia kuondoa maumivu ya goti.

Hivyo ndivyo alivyo ofisini, hivyo ndivyo alivyo kanisani, na mumewe, Mzee Ezron, mstaafu wa kiwanda cha karatasi Mgololo, anathibitisha kwamba na nyumbani hakuna Sekela mwingine aliyefichwa. Ametusalimia "Kamwene," salamu ya huku kwetu, kila asubuhi kwa lafudhi ya Mbeya ambayo hakuwahi kuisahihisha. Mkurugenzi aliipata kamwene hiyo, na mfagiaji aliipata hiyohiyo.

Sasa tufike Julai 2016, mwezi ambao baridi ya Mufindi haina adabu. Uongozi wa wakati huo ulialika wanunuzi wanne kutoka nje ya nchi, pamoja na wapiga filamu kutoka Dar es Salaam, waje kutengeneza filamu iitwayo "Ladha Halisi." Kiongozi wa wapiga filamu, dada mchangamfu aitwaye Mercy, alikuja amejiandaa kuonyesha uhalisi wetu, na alitusaidia sana kuupata. Wachumaji waliombwa wavue masweta na mabuti, wajifunge khanga, wabebe vikapu vya mianzi vilivyonunuliwa njiani. Ndoo za plastiki zilifichwa nyuma ya stoo. Kililetwa pia chungu, ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Meneja, Bw. Liberatus, aliagiza kila kitakachopita mbele ya kamera kipakwe rangi mpya.

Bi. Sekela alipewa karatasi ya maneno ya kusema: kwamba alizaliwa katikati ya mashamba haya na kufundishwa chai na bibi yake. Aliirudisha kwa heshima. Alimweleza Mercy kwamba alizaliwa Soweto, nyuma ya duka la vipuri, na kwamba bibi yake alikuwa mnywaji wa kahawa. Sweta hakulivua. Sisi wengine tulicheka, na tulikuwa tumeshavua yetu.

Siku yenyewe vikombe sita vilipangwa. Cha tatu ndicho kilichokuwa na chai ya mzigo uliokusudiwa kwa wageni, na maagizo yalikuwa kwamba akifika hapo aonje na kutabasamu. Alionja cha kwanza, akaonja cha pili. Kwenye cha tatu alisita, akarudia kijiko, kisha akasema kwa sauti ileile ya kila asubuhi, "Hii ina moshi."

Bw. Liberatus alicheka na kuomba irudiwe. Taa zikapangwa upya. Bi. Sekela akaanza tena kikombe cha kwanza kana kwamba hajawahi kukiona, akafika cha tatu, akaonja kwa umakini uleule, akasema, "Ina moshi. Msiwauzie watu hii." Mara ya tatu aliombwa asiseme chochote, atabasamu tu. Hakukasirika wala hakuinua sauti. Alikipangusa kijiko, akakiweka mezani, na kukaa.

Wanunuzi walionja wenyewe, wakatazamana, wakashukuru na kuondoka, na mkataba ukaondoka nao. Filamu ilikamilika kwa msaada wa Matilda wa mapokezi, aliyetabasamu vizuri mno na kuunguza koo kwa sababu hakuna aliyemwambia chai ile hutemwa. Bado ipo mtandaoni.

Jioni hiyo Bi. Sekela aliitwa ofisini aseme ni nani aliyetia moshi kwenye chai. Alijibu, "Mimi naonja chai, bosi. Watu sijui kuwaonja. Waulizwe wenye mashine." Kwa kuaibisha kiwanda mbele ya wageni, alinyang'anywa kijiko na kupelekwa kwenye chumba cha kufungasha, kufunga mifuko.

Wenye mashine waliulizwa. Na hapa mwandishi wa wasifu huu anaomba aache kujiita mwandishi. Ni mimi, Zabron Kalinga, msimamizi wa mashine ya kukaushia.

Mashine ile hukausha chai kwa hewa ya moto inayopashwa na tanuri la kuni, na moshi hupita kwenye mabomba yake peke yake. Bomba likipata ufa, moshi huvuja ukaingia kwenye chai. Wiki mbili kabla ya wageni niliuona ufa. Kubadilisha bomba kungesimamisha mashine siku tatu, na sikutaka kuwa mtu wa kumpelekea Bw. Liberatus habari hiyo wakati rangi zimeshanunuliwa. Nikaziba kwa udongo wa tanuri. Juu yake nikapaka rangi ya kijani, tabaka mbili, na ilipendeza kweli.

Nilipoulizwa, niliandika maneno mawili na kutia saini: "Kuni mbichi." Karatasi hiyo ipo kwenye faili hadi leo. Mzee Yotamu, aliyekuwa akituletea kuni, alifokewa msimu mzima kwa kuni zilizokuwa kavu kama mifupa. Bi. Sekela alifunga mifuko miezi minne.

Kabla hajahamishwa, alishuka kwenye mashine yangu. Alipitisha kiganja juu ya rangi mpya, akakinusa, akaniangalia. "Rangi nzuri, kaka Zabron," alisema. "Bomba libadilishe, watu wanakunywa. Hilo la kuni ni neno lako, utalitengua mwenyewe siku ukiweza." Nilibadilisha bomba Jumapili iliyofuata. La kuni sikulitengua.

Kilichonishangaza kwa miaka tisa, na kinachonishangaza hata sasa ninapoandika, si kwamba alisema kweli siku ile. Ni kesho yake. Nilijiandaa kwa kununiwa, kwa jicho la pembeni, kwa maneno ya mzunguko kwenye foleni ya chakula. Asubuhi nilimkuta getini amevaa sweta lake, na akanisalimia "Kamwene" ileile, haikupungua wala haikuongezwa chumvi. Akanisalimia hivyo kila siku ya kufunga mifuko. Akanisalimia hivyo siku aliporudishiwa kijiko, baada ya mwonjaji mpya, kijana wa manukato, kupitisha mizigo iliyorudi kutoka mnadani na malalamiko. Siku hiyo hakutoa hotuba. Aliviosha vikombe vyote mwenyewe, kwa sababu alisema vina harufu ya maua.

Nilikuwa nikidhani watu kama yeye wana ujasiri ambao sisi hatukugawiwa. Mwaka jana, tukisubiri gari la wafanyakazi, nilimuuliza alipata wapi moyo wa kusema vile mbele ya kamera na wazungu. Alionekana hajaelewa swali. "Sasa ningesemaje, kaka, na moshi ulikuwepo?" Niliogopa kidogo kusikia hivyo. Nilikuwa nimebeba uongo wangu miaka minane nikiubadilishia nguo, na mwenzangu hakuwa na chochote cha kubeba.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Mzee Yotamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kuni zake hazijawahi kuwa mbichi hata siku moja, nami nikakubali mara tatu. Ijumaa nilimwandikia barua meneja wetu wa sasa, na atakalonifanyia kwa haki nitalipokea. Jumapili baada ya ibada nilimpelekea Bi. Sekela kurasa hizi azisome kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ni habari zake.

Alivaa miwani, akasoma polepole, pale pa harusi akacheka. Alipofika kwenye bomba na rangi ya kijani aliendelea kusoma kwa mwendo uleule, nami nikawa natazama kalenda ukutani. Mwisho aliomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba alifunga mifuko kwa miezi mitatu. Akakata mitatu, akaandika minne, akanirudishia karatasi. Kisha akaniwekea chai, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akaniuliza mimi ninaionaje.

Nilimwambia ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilisema neno hilo bila kuangalia nani anasikiliza.

Bi. Sekela, Nyavilenga inakushukuru kwa vikombe vyote ulivyovikubali, na zaidi kwa vile ulivyovikataa. Kwa lugha ya kwenu, ndaga fijo, asante sana. Nenda salama Soweto, wewe na Mzee Ezron, mkapumzike kwa afya na amani. Kule sasa kula vitunguu, kula pilipili, jipake manukato hadi majirani walalamike. Na utakapotuletea salamu, tuletee kamwene ileile.

Imeandikwa na Zabron Kalinga. Hazikuwa kuni mbichi.