Mkono Uliotokea Kwenye Filamu: Tunamuaga Ndugu Bwanaheri Haji

Tarehe 30 Juni 1977, Ndugu Bwanaheri Haji wa Kaole anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya Bagamoyo kwa miaka ishirini na mmoja. Aliajiriwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa fundi mkuu.

Alipiga hodi kila alipoingia chumba cha giza cha kusafishia filamu, hata kama funguo alikuwa nazo yeye. Siku moja Ndugu Majaliwa, karani wetu, alimjibu "Karibu" kutoka ndani. Ndugu Bwanaheri alikwenda nyumbani mapema. Kesho yake alirudi, akapiga hodi kama kawaida.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1969. Tumboni mwa mbuzi kuna pepsinojeni, kitu kinachokaa kimelala mpaka asidi ikiamshe kiwe kimeng'enya cha kusaga protini. Swali lilikuwa kama kimebeba fosfeti. Asubuhi alileta vipande vya tumbo kutoka machinjioni, akavitia katika maji ya uvuguvugu yenye fosfeti ya mnururisho, ambayo huacha weusi kwenye filamu. Vipande viliendelea kutengeneza pepsinojeni hadi mchana, mbuzi mwenyewe akiwa amekwisha kupikwa na kuliwa.

Kisha aliidondosha pepsinojeni kwenye karatasi iliyoloweshwa, akapitisha umeme. Yenye fosfeti ilikimbia mbele ya nyingine, na filamu ya eksirei iliyolazwa juu ya karatasi ikaonyesha mstari mweusi. Tuliuita "uliotangulia" mpaka Bi Sihaba, mwosha vyombo, alipotukataza. Neno hilo, alisema, tuwaachie marehemu.

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1971, filamu ilitoka na mstari, na kando yake mkono. Vidole vitano, kiganja, hata mikunjo yake. Filamu ya pili, iliyolazwa juu ya karatasi tupu, ilikuwa na mkono uleule. Majaliwa alitaka ubani ufukizwe. Mkuu wa maabara wa wakati ule alimtaka mwenye mkono. Tulipimwa wote; ukamwenea Bi Sihaba, na barua ya kumfukuza kwa uzembe ikaanza kupigwa chapa.

Ndugu Bwanaheri aliomba siku mbili. Alipitisha kipima mnururisho sakafuni, mezani, mlangoni. Kililia kwenye ubao wa kukandamizia filamu, ambao Bi Sihaba aliuegemea kwa kiganja kibichi akitoka kutawadha. Kikalia zaidi kwenye kopo lake la udhu. Daftari la kazi lilionyesha nani aliyesuuzia vyombo vya fosfeti kwa kopo lile, akalirudisha penye bomba. Alikwenda kwa mkuu, akasema, "Kopo nililichafua mimi. Barua iandikwe jina langu."

Alipewa onyo, na kupandishwa kwake cheo kukasimama miaka minne. Bi Sihaba alinawa mpaka kipima kikanyamaza. Ubao ulifungiwa stoo, na kila wiki mbili Ndugu Bwanaheri aliulazia filamu mpya. Kila mara mkono ulififia kwa nusu, kadiri mnururisho ulivyopungua, kama mtu anayeondoka chumbani bila kugeuka. Agosti haukuwapo.

Kwa ubao mpya, mstari ulitokea peke yake. Alipoiondoa fosfeti kwa kimeng'enya kingine, pepsinojeni ile ilirudi nyuma ikalingana na ile nyingine, na filamu ikatoka tupu. Jibu likawa limepatikana: fosfeti ilikuwamo kweli.

Barua ya cheo ilipofika mwaka 1975, aliuliza kwanza kama faili la Bi Sihaba, ambaye tungali naye kazini, lina doa lolote. Alipoambiwa halina, akatia sahihi.

Ndugu Bwanaheri, tunakushukuru, na tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Faili lako lina kosa moja, ulilolitaja kwa kinywa chako mwenyewe. Hatutalifuta.