Saa Nne ya Nani

Ndugu zangu tuliokusanyika hapa kusaidiana kuacha pombe, mimi niliwahi kuamini, tena kabisa, kwamba kompyuta ya Dar es Salaam ukiilisha tarakimu ya uongo inaitapika. Fundi mmoja wa garimoshi aliniapia: karani alirushiwa kadi usoni, akakimbia mpaka Pugu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Nilimaliza shule ya jioni hapa Kanyenye, nikapelekwa Dar kozi ya majuma sita, nikarudi mwalimu, kichwa hakipiti mlangoni. Nikawafundisha watafiti kuiandikia mashine maagizo: bwana nyuki, daktari wa mbung'o, hata mama mmoja aliyechunguza vituo vya misafara ya zamani. Tulijaza fomu, zikageuzwa kadi za matundu, kadi zikapanda garimoshi.

"Mwalimu, tusikague kwanza?" bwana nyuki aliuliza.

"Hiyo kazi ya mashine, bwana. Wewe jaza."

Yeye na daktari walirekodi saa ambayo mbung'o wanauma zaidi. Wote waliona saa nne asubuhi. Daktari akajaza kumi, saa ya Kizungu. Bwana nyuki, mtoto wa Sikonge, akajaza nne. Mashine ikatoa wastani: saba. Nikaisoma Kizungu, saa moja asubuhi. Tangazo likabandikwa kijijini: subirini mbung'o wapungue, porini ingieni saa nne.

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali. Alilitii, maana mkwewe msomi. Malale yakampata. Mwili ulipona. Akili, nawaambia, haikurudi yote. Siku hizi ananiamkia shikamoo, anadhani mimi ni baba yake. Mniambie, nijibu marahaba?

Daktari alipoligundua kosa, nilifukuzwa kazi. Nilikunywa pombe ya kuendesha garimoshi mpaka Kigoma na kurudi. Kila kilabu nililia: mashine imenidanganya.

Nawashukuru ninyi mlionipokea nikinuka. Namshukuru mke wangu, aliyekuwa na kila sababu ya kuniacha. Ukipewa hesabu, muulize aliyehesabu. Fundisho langu ndilo hilo, nami sikulipata darasani.

Mke wangu alinifuata kilabuni mchana mmoja, fomu mbili mkononi, ya daktari na ya bwana nyuki, akanikuta nikilalamika kwamba mashine ilipaswa kuitapika ile nne.

"Baba watoto," akasema, "mashine haijui kweli wala uongo. Inajumlisha, inagawanya. Kuuliza ni saa ya nani ilikuwa kazi yako."