Siku Niliyokwenda Kudai Damu Yetu

Wewe uliyekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka, sogea huku mbele. Hatutakuuliza jina. Nakijua kiti cha mlangoni. Nilikikalia karibu mwaka mzima katika kanisa lingine, kwa sababu nikikaa katikati, watu wa pande zote mbili walihama.

Ndugu zangu, mnanijua kama yule mama wa nasari anayefundisha watoto kuhesabu kwa maharagwe. Leo niwaeleze nilivyoitwa mchawi, na nilivyokubali.

Mume wangu alikuwa seremala pale Emali. Mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, nyundo ilianza kumtoka mkononi. Tulidhani ni njaa, maana nani hakuwa mnyonge mwaka ule? Mvua ikarudi, watu wakanenepa, mkono wake ukaendelea kukonda. Hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, nyama iliisha pakabaki shimo. Halafu misuli ya bega ikaanza kucheza yenyewe chini ya ngozi, kama panzi ndani ya shati. Mwisho ulimi ukawa mzito. Alikuwa anaimba sauti ya nne kwaya, na mzee mmoja wa kanisa akamvuta kando: "Ndugu, siku ukiwa umekunywa, kaa nyumbani." Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe!

Tulizunguka hospitali tatu. Nairobi ndipo tulipata daktari aliyetuketisha chini na kutueleza. Aliuliza kama tunalima kwa ng'ombe. Tukasema ndiyo. "Basi misuli ni ng'ombe," akasema, "na neva ni ile sauti ya kuwaita. Huu ni ugonjwa wa sauti. Ng'ombe wapo, lakini hawasikii wakiitwa. Na ng'ombe asiyeitwa, katika mwili, hukonda." Hakutuficha kwamba dawa hana.

Kisha akaomba damu. Alisema ugonjwa huu unajulikana kwa kumwangalia mtu na kumpima anavyosonga. Katika damu hakuna anayejua alama yake, na yeye ni mmoja wa wanaoitafuta. "Na yako pia, mama. Mnakula chungu kimoja, mnalala nyumba moja. Nikiona tofauti kati yenu, pengine ni ya ugonjwa."

Mume wangu akanyoosha mkono, akasema polepole, "Wachukue. Iko siku itamsaidia mwingine."

Tuliporudi baada ya miezi, daktari alikuwa safarini. Mtu wa dirishani akafungua faili. "Damu zenu ziko sawa. Hakuna kitu."

Ndugu zangu, nawaambia nilicheka peke yangu njia yote. Jumapili nikasimama: "Damu ya mume wangu ni safi! Ni sawa na yangu! Hakuna kitu!" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa natangaza uponyaji wa mtu aliyekuwa ameshikwa kwapa na wanaume wawili ndipo akaingia kanisani.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, hakupiga makofi. Alinifuata mpaka jikoni.

"Hospitali hawakuona kitu?"

"Hawakuona."

"Basi ni kitu cha nyumbani." Kisha, "Na mbona walitoa damu yako, wewe mzima?"

"Walitaka kulinganisha."

"Kulinganisha! Mlikuwa mnanunua kitambaa?"

Mnajua kwetu Ukambani mambo yanavyokwenda. Hospitali ikikosa kuona ugonjwa, watu wanaona kithitu, kile kiapo kinachoogopwa kuliko simba, na aliyekileta wakasema ni mimi. Sikuwa na mtoto wa kunitetea. Ndugu zake walikuja na mkokoteni, wakampakia na godoro lake, wakampeleka kwa mama yao huko milimani Makueni. Aliniangalia mpaka mkokoteni ukapinda kona. Hakuweza kusema neno, nao wakachukulia kwamba hata akili imekwisha. Mimi niliambiwa nirudi kwetu Kwa Vonza.

Upweke wa mjane nauheshimu, lakini mjane anatembelewa. Mimi nilipofika kuchota maji mchangani, kwenye mto mkavu, wanawake walijaza mitungi nusu wakaondoka. Ndugu yangu alinipa chumba, na mke wake akaniwekea sahani yangu na kikombe changu, kando na vingine. Zilipita wiki sikusikia mtu akinipigia hodi. Nilianza kunyoosha mkono wangu juani, nikiangalia kama ngozi inacheza. Haikucheza. Badala ya kushukuru nikajiuliza: kwa nini yeye na si mimi? Labda kuna kitu nilifanya bila kujua. Hapo ndipo nilipoanguka. Kuitwa mchawi kuliniuma, lakini siku niliyoanza kuamini ndiyo iliyonimaliza.

Halafu wifi akatuma ujumbe: "Mwambieni arudishe alichochukua, labda mtu wetu atapona." Nilitafuta nguo zangu zote, sanduku lote. Nilichukua nini? Ndipo nikakumbuka kitu kimoja tu cha mwili wake kilichobaki mahali pengine, na mimi ndiye niliyempeleka.

Nikapanda basi kwenda Nairobi. Nikaingia maabara bila kuitwa, nikasema, "Nimekuja kuchukua damu yetu."

Aliyekuwa pale alivaa koti jeupe lenye doa la wino. Alisikia lafudhi yangu, akanijibu kwa Kikamba, "Keti, mwaitu." Mwaitu ni mama yangu. Ilikuwa karibu mwaka sijaitwa hivyo. Nililia mpaka akafunga mlango.

Hakunicheka. Aliniuliza ninataka damu ya kazi gani, nikamwambia yote. Akasema, "Damu haizungumzi yenyewe. Inajibu swali unaloiuliza. Nikiuliza malaria, itajibu malaria tu. Ugonjwa wa mzee hatujajua swali lake. Tulijaribu machache, yakakosa."

"Lakini mlisema hakuna kitu."

"Tuliandika hatukuona tofauti kwa vipimo hivi." Akanionyesha karatasi. "Mama, ukitafuta mbuzi kwa tochi mbovu ukamkosa, utasema hakuwahi kuzaliwa?"

Nikacheka huku makamasi yananitoka. Kisha nikamwuliza, "Na akili yake? Wanasema imekwisha."

Akaacha kutabasamu. Akaniongoza mpaka kwa yule daktari wetu, na daktari akaandika barua fupi, kwa Kiswahili rahisi kwa sababu nilimwomba hivyo. Damu yetu niliiacha palepale. Mume wangu aliitoa kwa hiari yake. Sikuwa na haki ya kuirudisha.

Nilifika milimani mchana. Mume wangu alikuwa amelazwa kivulini, amekonda kama mwiko. Nikampa wifi ile barua, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma kuliko wote, na kwa sababu sauti yake wangeiamini. Akaisoma yote kwa nguvu. Barua ilieleza kwamba ugonjwa huu upo na hakuna mtu aliyemletea, na kwamba damu kukosa kuonyesha kitu ni upungufu wa vipimo vyetu. Alipofika sentensi ya mwisho alipunguza sauti: "Katika uchunguzi wangu, akili yake ni nzima. Anasikia kila mnalosema. Mwulizeni yeye, akikubali atainua macho."

Mama mkwe akapiga magoti karibu naye. "Mwanangu, huyu mwanamke alikufanyia ubaya?"

Macho hayakuinuka.

"Unamtaka arudi?"

Yakainuka, yakabaki juu, mpaka mama akasema, "Tumeona, baba, shusha utaumia."

Wifi akaropoka, "Sasa wewe mbona hukusema?" Kumwambia hivyo mtu asiye na ulimi! Mume wangu akaanza kucheka, mwili mzima, mpaka tukamwinua haraka asipaliwe na mate. Wifi ndiye aliyempangusa mdomo. Kisha akanipisha, nikakaa mahali pake.

Hakupona, ndugu zangu. Nisiwadanganye tena na ushuhuda wa aina ile. Tulikaa naye Emali miezi kumi na moja, tukiongea kwa macho, akafa kichwa chake kikiwa kwenye paja langu. Upweke ulirudi, lakini huu ulikuwa na hodi nyingi.

Namshukuru mama mkwe aliyemwuliza mwanawe. Namshukuru wifi, aliyekuja kunisaidia kumgeuza kila asubuhi, na ambaye hadi leo ananibishia. Nawashukuru wale wa Nairobi. Nasikia alama katika damu bado wanaitafuta, na wala sijutii kwamba tone letu lilikosa jibu.

Na wewe uliye mlangoni, hili ni lako. Siku daktari au mtu wa dirishani akikuambia hakuna kitu, usiinuke kwenye kiti. Mwulize: "Mlikuwa mnatafuta nini?" Mwombe aandike jibu kwa lugha unayoielewa, na ukifika nyumbani, lisome mgonjwa akiwa anasikia.