Historia ya Shavu, Aliyekataa Kujifanya Anapuliza

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa ukumbini mliowahi viti vya mbele kama wenye msiba, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na kabla sijasoma mjue kwamba asubuhi hii mwenye ukumbi wa muziki alimopigia marehemu ameleta spika mbili, anataka tumzike mdogo wangu kwa kanda, nami nimemwambia asikilize kwanza maisha ya mtu mwenyewe, ndipo nimjibu.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 3 Machi 1949, katika chumba cha nyuma ya kiwanda cha sabuni, kitinda mimba wa mama yetu, mfua nguo, na baba yetu, mlinzi wa kiwanda hicho. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1963, kichwani hakikuingia cha maana ila tarumbeta la bendi ya shule, akalipuliza mpaka mashavu yakatuna, akaitwa Shavu, na mwalimu mkuu mwenyewe akalisahau jina la kwenye daftari.

Mwaka 1968 aliajiriwa hospitali kuu kama fundi bomba, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na sita, na tarehe 12 Oktoba 1974 alimuoa wifi yangu, fundi cherehani, mwanamke mwenye roho ngumu, maana kuishi na mazoezi ya tarumbeta katika vyumba viwili si mchezo, wakajaliwa watoto watatu, wote wako hapa, na wajukuu saba.

Kuanzia 1979, kila Jumapili saa tisa alasiri, alipiga jazi na wenzake watatu, wa gitaa, wa besi na wa ngoma, katika ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa, na mgeni yeyote aliyeuliza mji huu jazi ya laivu inapigwa wapi alielekezwa ngazi zile za mbao. Mwaka 2014 mwenye ukumbi aliwarekodi, akasema ni ya kumbukumbu, wakapiga kwa moyo wote kama watu wanaopigwa picha ya harusi, kumbe mwenzao ana yake, kwani mwaka uliofuata aliwaambia kanda ndiyo itakayolia, wao wasimame tu na vyombo, wachezeshe vidole, watikise vichwa, wateja hawatajua.

Wenzake walikubali. Shavu, Jumapili tarehe 14 Juni 2015, kanda ilipofika zamu yake, aliketi, akalaza tarumbeta mapajani, akafungua chupa ya maji akanywa taratibu, huku tarumbeta lake likiendelea kulia ukutani, watu wakacheka na kumpigia makofi wakidhani ni kichekesho. Mwenye ukumbi alimfuata nyuma ya jukwaa akamwambia, "Mzee, unaniharibia," naye akamjibu, "Mgombeze yule wa ukutani, ndiye uliyemwajiri," akashuka ngazi, hakuzipanda tena.

Tangu siku hiyo jazi ya laivu ya mji huu ilikuwa kwenye karakana ya seremala, mtaa wa nyuma ya kituo cha mabasi, Jumapili saa ile ile, tarumbeta moja, miguu ya meza isiyo na meza, na wasikilizaji tisa siku ikiwa nzuri. Nilikuwepo, na wengi wenu mliovaa nyeusi leo sikuwatia machoni hata mara moja, mlikuwa juu ya duka la vitambaa mnaipigia mashine makofi, halafu leo mnaniuliza getini eti Shavu aliacha muziki lini. Hakuacha, mlioacha ni ninyi.

Agosti 2022 mapafu yalianza kumsumbua, daktari akamkataza kupuliza, akatii wiki mbili, akarudi karakana, na Septemba mwaka huu alilazwa wodi namba sita, akafariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne.

Familia inamshukuru daktari, ambaye hakutudanganya, wauguzi waliomkaripia inavyostahili, majirani waliovumilia kelele miaka yote hiyo, mafundi bomba wenzake waliobeba jeneza, na seremala aliyelitengeneza.

Sasa jibu. Mwenye ukumbi, spika zako ziko nje ya geti, nimezitoa mimi na mwanangu, kila mtu upande wake. Wale wenzake watatu wameniomba wapige, wakiangalia viatu vyao, nami nimewaruhusu, ila wapige kweli, vidole vikigoma vigome, wakikosea wakosee mbele yetu, na ikifika zamu ya tarumbeta waache kimya mpaka zamu yake iishe, na mtu yeyote asikohoe kukijaza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, hapa hakuna atakayekuwasha kwa swichi.