Kiti cha Pembeni ya Dramu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa walimu. Wengi walimjua kwa jina la Mama Kiti, na mwishowe hata yeye aliliitikia. Mama Kiti ametutoka. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu wa muziki wa shule namna ya kuongoza bendi ya jazi ya wanafunzi. Hiyo tu. Na hiyo tu ilimchosha mwili na roho.

Jina la Kiti lilitoka wapi? Walimu waliokuja kwake wengi walikuwa wa kwaya. Na mwalimu wa kwaya, jamani, mikono yake haijui kutulia. Anaingiza sauti hizi, anazituliza zile, anafunga wimbo kwa ngumi hewani. Sasa msimamishe mtu huyo mbele ya bendi ya jazi. Atapunga mwanzo hadi mwisho, utadhani anafukuza nzi. Mpiga dramu anaacha kumsikiliza mpiga besi, anabaki kumkodolea macho mwalimu. Bendi inakuwa nzito, inajiburuta.

Mama Kiti alikuwa na dawa yake. Alikuwa na kiti cha kukunja, akikiweka pembeni ya dramu. Mwalimu ahesabu, bendi iingie, kisha mwalimu akakae. Akae kabisa, mikono mapajani, asikilize. Wanafunzi nao wasikilizane wao kwa wao.

Ni jambo dogo kulisema. Kulifanya ni balaa. Kila likizo Mama Kiti alipanda ngazi na kiti chake kwapani, hadi chumba cha muziki chenye dirisha lisilofunga. Kila likizo walimu walikaa, bendi ikachangamka, wote wakafurahi. Halafu walirudi shuleni kwao. Siku ya wazazi ikifika, mikono ilikuwa juu tena. Waliogopa. Mwalimu akikaa, wazazi si watasema ni mvivu?

Na mwenye kichwa kigumu kuliko wote alikuwa wa tumbo moja naye. Mdogo wake wa kiume, mwalimu wa kwaya, fundi hasa. Huyo ndiye Mama Kiti alitaka amwachie mafunzo, maana kifua kilikwisha kumkatalia ngazi. Mtu mwingine hakuwepo. Lakini mdogo wake hakai. Anaahidi kukaa, anakisogelea kiti, anakigusa, anarudi mbele kupunga.

Binti yake Mama Kiti ametusimulia. "Mama alikuwa anarudi, anakaa na mkoba bado uko begani. Namuuliza vipi leo. Ananiambia, 'Mjomba wako bado anapunga.' Basi. Chakula chenyewe hali."

Mara ya mwisho walibishana hapo hapo chumbani, walimu wengine wakijifanya wanakunja nyaya. Mdogo mtu alisema, "Dada, nikikaa mimi, nani ataishika bendi?"

"Haishikwi," alisema Mama Kiti. "Nimechoka kukwambia."

Alikuwa amechoka kweli, wasikilizaji. Alishuka ngazi akipumzika njiani. Kiti alikiacha juu, na hakupanda tena kukifuata.

Siku ya kumuaga, ukumbi wa shule ulijaa. Binti alikileta kile kiti, akakiweka pembeni ya dramu, mahali pake. Mjomba akasimama mbele ya bendi yake ya wanafunzi. Akahesabu. Bendi ikaingia. Naye, kama kawaida yake, akapunga. Akapunga huku machozi yanamtoka, na bendi ikijiburuta vile vile. Mara mikono ikachoka, ikashuka. Akajikokota hadi pembeni ya dramu, akakipapasa kiti, akakaa. Akajifunika uso.

Msichana wa dramu alimtazama. Mikono haikuwepo. Akageuza shingo kwa mpiga besi. Wakaonana. Wimbo ukainuka. Saksafoni zikafuata, tarumbeta zikaachia, na watu ukumbini wakaanza kutikisa vichwa na huku wanalia.

Mjomba ametuambia wazi. "Sikukaa kwa kuelewa. Nilikaa kwa kuchoka. Halafu nikasikia bendi inakwenda bila mimi, na inakwenda vizuri. Nikageuka nimwambie dada. Nikakumbuka tuko hapo kwa ajili ya nini."

Ndicho kinachouma. Mama Kiti aliingoja siku ile miaka na miaka, na ilikuja yeye akiwa amelala mbele yao, hasikii.

Kwa binti, pole sana. Kwa mjomba, pole, na pole tena, kwa sababu likizo ijayo ni yeye atakayepanda zile ngazi na kiti kwapani. Amekubali. Kwa walimu wote waliopita katika chumba kile, poleni. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anayetuambia jambo lile lile hadi sauti inamkauka, nasi tunamwitikia ndiyo, kisha tunapunga? Tukimjua, tumwendee angali anasikia.

Nimesema vya kutosha. Tuliirekodi bendi ile siku ile, pale ukumbini, na sasa nawaachia. Mwanzoni mtamsikia mjomba akihesabu. Baada ya hapo hamtamsikia.